Mawese Niliyowapaka Vifaranga wa Mama Sakina

Jumamosi, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu. Mvua imeanza mbele ya jua kutoka, mvua ndogo isiyo na haraka, na mabati ya jikoni yanalia kama mutu anapepeta muchele kwenye ungo.

Leo ni siku yangu ya kwanza ya kukaa bila kazi. Jana nilimupa Zaina ufunguo wa chumba cha kuveze, lile sanduku letu la kuangulia mayai, na Riziki akapokea termometri. Wao wawili ndio wataendelea. Waliniomba niandike mambo ya kazi, sababu wanasema najua mengi. Sina hakika. Nilisoma mpaka mwaka wa nne wa primeri tu, na musitari wangu ukianza vizuri upande wa kushoto, ukifika upande wa kuume umepanda kilima. Lakini kaye, daftari la kuandikia, nimenunua, na kalamu inatoka wino, basi tujaribu.

Habari za vyeo na mushahara sitaandika. Ningeandika hizo tu, kaye nzima ingebaki nyeupe.

Kuna jambo moja ambalo lazima niliandike mbele ya saa sita. Saa sita Mama Sakina anafika kutoka Kabambare kuchukua vifaranga wake, wa mwisho walioangua mukononi mwangu. Miaka mingi iliyopita nilimudanganya Mama Sakina juu ya jogoo wake. Kama uongo ule ungebaki kati yetu wawili, labda ningeweza kufa nao. Lakini umetembea. Mwezi uliopita Riziki alimwambia mwanaume mumoja wa hapa Kasongo achinje jogoo wake, sababu vifaranga walitoka na vitovu wazi. Nilimusikia kwa masikio yangu akisema: "Mama Mwamini ametufundisha. Kitovu wazi, jogoo ni muzee." Mwanaume akaenda akachinja. Na mimi nilikuwa nimesimama pale, nashika ndoo, nikanyamaza.

Ni mimi niliyemufundisha, na si kweli. Leo nataka kumwambia Mama Sakina uso kwa uso. Naogopa. Ndiyo maana naandika kwanza, mukono uzoee.

Nianze mwanzo. Sikuja kwenye kazi hii kwa akili. Nilikuja na gunia la makapi ya mupunga kichwani, kumupelekea Baba Feruzi, ambaye aliyatandika chini ya vifaranga wake. Baba Feruzi alikuwa seremala. Kuveze yake ya kwanza aliitengeneza kwa kabati ya nguo iliyokataliwa na watu wa arusi sababu mulango ulilala upande. Ndani aliweka taa ya petroli, sahani ya maji, na termometri iliyofungwa kwa kamba ya kiatu. Siku ile nilitua gunia, nikataka kwenda zangu, akaniita.

"Mama, ngoja. Kuja usikie kitu."

Akanipa yai, akasema niweke kwenye sikio. Nilifikiri ni mizaha ya wazee. Nikaweka. Ndani kulikuwa mutu anagonga, pole pole, kama mugeni mwenye haya. Halafu akalia: pii. Ganda lilikuwa zima, bila tundu hata ya sindano, na mutu analia ndani.

"Baba, anaongea na nani?"

"Na wenzake. Wanaulizana kama saa imefika."

"Na wanajibiana?"

"Wewe nyamaza tu."

Nikanyamaza. Kutoka kwenye sanduku, yai lingine likajibu. Nywele za mikono zilinisimama. Nilikuwa nimezaa watoto watatu wakati ule, nilijiona mwanamuke anayejua habari za kuzaliwa, na hapo niliona kwamba sijui kitu. Makapi niliyoleta nilisahau hata kuyamwaga. Kesho yake nilirudi bila gunia.

Alinifundisha kugeuza. Kila yai aliliandika kwa makala: upande mumoja musalaba, upande mwingine mwezi. Yeye alikuwa Muislamu, mimi Mukristu, na alisema hivi hakuna atakayelalamika. "Sasa tunalala upande wako," alikuwa anasema, "muchana tutaamka upande wangu." Tuligeuza mara tatu kwa siku, wala si mbili wala nne, na mwanzoni nilifikiri ni mambo ya dini. Kumbe ni kwamba usiku ni murefu, na ukigeuza mara tatu, upande uliolala chini usiku huu, kesho usiku utakuwa juu. Siku ya kumi na nane unaacha kugeuza, unaongeza maji kwenye sahani, unafunga mulango, na unaanza kazi iliyo ngumu kuliko zote, kazi ya kutogusa.

Alinifundisha kutazama yai kwa torshi. Unafunika dirisha kwa blanketi, unatoboa kartoni tundu dogo, unaweka yai juu ya tundu na mwanga chini yake. Siku ya saba utaona buibui. Ni buibui wa damu, na katikati yake kuna nukta inayorukaruka. Nukta ile ni moyo. Nimeona mayai mengi sana katika miaka yangu, sikuhesabu, na sijawahi hata mara moja kumuona buibui yule bila kushusha sauti yangu. Mbele yake unajikuta unaongea kama mutu aliye kanisani. Sasa macho yangu hayamuoni tena. Mwezi wa kwanza nilisema yai fulani limekufa, na Zaina akasema kwa heshima, "Mama, huyu anapiga teke." Alikuwa na haki. Siku ile ndiyo niliweka torshi chini.

Siku ya kuangua, Baba Feruzi alinikalisha juu ya mikono yangu. Kweli kabisa, alisema: "Weka mikono chini ya matako, ukae hapo." Sababu mara ya kwanza niliona kifaranga ametoboa ganda na amechoka, nikamuonea huruma, nikamumenyea. Damu ikatoka kwenye ngozi nyembamba ya ndani, na akafa kwenye kidole changu. Baba Feruzi hakupaza sauti. "Alikuwa bado anakunywa damu yake," akasema. "Umemufungulia mulango hajavaa." Siku ya mwisho ndani ya yai, kifaranga anavuta damu yote iliyo kwenye ganda, halafu kiini cha manjano chote kinaingia tumboni kwa kupitia kitovu, na kitovu kinafunga nyuma yake kama mulango. Ni chakula chake cha safari, anaweza kukaa siku mbili bila kula. Ametoboa leo asubuhi, atatoka kesho asubuhi, na katikati hapo wewe huna kazi. Hii iliniuma kuikubali. Inaniuma bado.

Wagonjwa wao si wengi wa namna, lakini kila mumoja anataka mukono wake. Kuna yule ambaye miguu inaachana, mumoja unakwenda Kindu na mwingine Kabambare, sababu mulimuweka juu ya gazeti linaloteleza. Huyo mufunge miguu kwa kitambaa laini, iwe mbali kama kawaida ya kusimama, na siku ya tatu umufungue. Atatembea, na atakuangalia kama vile hakujui. Kuna yule ambaye mavi yamemugandia nyuma mpaka njia imefunga. Musivute, ngozi itatoka nayo. Maji ya uvuguvugu, pole pole, halafu mukaushe. Kuna aliyechoka tu, anafunga macho akiwa amesimama, kama mutu kwenye mahubiri marefu. Huyo ni tone la maji yenye sukari kwenye ncha ya mudomo, na joto. Kama wote wamerundikana chini ya taa na wanalia kwa sauti kali, ni baridi. Kama wamekimbilia kwenye kuta na midomo wazi, ni joto. Kama wanaongea kidogokidogo kama wamama wanachambua sombe, majani ya muhogo, muache, muende mukale.

Sasa nimefika pale.

Ilikuwa mwaka wangu wa tatu. Ugonjwa wa kuku ulipita Kabambare na kufagia nyua. Mama Sakina alibaki na kuku majike wachache na jogoo mumoja, mwenye shingo tupu isiyo na manyoya, nyekundu kama pilipili. Alimuita Kapita, sababu alitembea nyuma ya majike kama kapita, musimamizi wa shamba, anayetafuta mutu wa kumugombeza. Mume wake alikuwa anachimba zahabu Salamabila, na nyumba ilisimama juu ya kuku wale. Majike walikuwa wameogopa, hawakukubali kulalia. Basi alikusanya mayai arobaini, akayapanga kwenye kikapu chenye makapi, akapanda pikipiki, na njia nzima kikapu kilikaa juu ya magoti yake. Alipofika kwetu hakuweza kunyoosha miguu.

"Dada," aliniambia, "hii ndiyo kijiji changu chote. Nimekuletea."

Wiki ya mwisho Baba Feruzi aliitwa kwenye kilio cha ndugu yake kule Nyangwe, kando ya muto Lualaba. Nikabaki peke yangu. Mvua ilikuwa ya baridi, na mimi nikaogopa baridi, nikapandisha utambi wa taa. Termometri ilionyesha joto limezidi. Niliona. Nikajiambia termometri inadanganya, sababu mimi mwenyewe nilisikia baridi. Andikeni hapa alama: si termometri iliyodanganya.

Waliangua thelathini na moja. Niliruka kwa furaha. Wengi walikuwa na shingo tupu, watoto wa Kapita wasiokanika. Lakini nilipowageuza niliona vitovu havikufunga vizuri. Vilikuwa wazi, vimelowa, na ukingo mwekundu.

Hapa kwetu munajua mutoto wa mutu akizaliwa, koko, yaani nyanya yake, anafanya nini. Anapasha mawese kidogo kwenye kijiko, anamupaka kitovu. Siku hizi wauguzi wanakataza, na nafikiri wana haki, lakini mimi nilipakwa na watoto wangu nimewapaka. Basi nilipoona kitovu kilicho wazi, mikono yangu haikuniuliza. Nilipasha mawese, nikachukua unyoya, nikawapaka mumoja mumoja, wote waliokuwa na kitovu kibaya na hata wengine waliokuwa na kizuri. Matumbo yao yaling'aa mekundu. Nilikaa nikawaangalia na kujisifu. Nilisema moyoni, Baba Feruzi atakuta mimi nimekuwa fundi.

Manyoya ya kifaranga ni kama moshi, hayavumilii mafuta. Yalishikana na ngozi, makapi yakagandia juu yake, na wao wakaanza kutetemeka chini ya taa ileile. Halafu wenzao wakaona kitu chekundu kinang'aa. Kifaranga akiona kitu chekundu anadonoa, Mungu amemuumba hivyo ili apate kula. Walidonoana vitovu. Sitaandika yote niliyoona. Asubuhi ya tatu walibaki wanne.

Siku ya nne, muchana, Mama Sakina akafika na kikapu kitupu.

"Wako wapi?"

Nikamuonyesha wanne.

"Hawa nawaona. Nauliza wengine."

Nilikuwa na pumzi moja nzima ya kuchagua la kusema. Nikasema: "Dada, si kosa lako, si kosa langu. Jogoo ni muzee. Mbegu yake imechoka, ndiyo maana vitovu havikufunga." Maneno yalitoka yamepangwa vizuri, kama nimeyasoma shuleni.

"Kapita?"

"Kapita."

Aliwafunga wale wanne kwenye kitambaa, kifuani, akaenda. Hakulia. Aliniambia aksanti.

Baba Feruzi alirudi kesho yake. Alifungua kuveze, akanusa.

"Nani amepika humu?"

Nikamwambia yote, kitovu, mawese, unyoya. Alikaa chini kwenye gogo lake.

"Manyoya ndiyo blanketi yake," akasema. "Umemulowesha blanketi, halafu umemupaka rangi ya chakula." Halafu: "Na mwenye mayai umemwambia nini?"

"Nimesema jogoo ni muzee."

"Jogoo aliyeleta thelathini na moja kwa arobaini?"

Hesabu ile hata mwaka wa nne wa primeri unaitosha.

"Kesho uende Kabambare," akasema.

Nilikwenda. Njia ilikuwa matope, na pikipiki ile tuliibeba mara nyingi kuliko ilivyotubeba. Nilikuwa nimeshika maneno yangu mudomoni safari nzima. Kufika kwenye uwanja wake, Mama Sakina akaniona kutoka mbali, akapiga vigelegele.

"Mugeni! Una bahati ya mudomo wewe! Kuja, kuja, tumechinja!"

Kapita alikuwa kwenye sufuria.

Mume wake alikuwa amerudi kutoka Salamabila. Munajua firigisi ni ya nani, firigisi ni ya baba wa nyumba. Mama Sakina alimuwekea kwenye sahani, na yeye akaitoa kwa vidole vyake akaiweka kwenye sahani yangu. "Hii ni ya huyu mama," akasema. "Ndiye aliyetuambia ukweli. Wengine wangetuacha tuendelee kulisha jogoo bure."

Halafu akauma paja, akatafuna, akashangaa. "Ni laini, kwa muzee!"

"Nilimupika muda murefu," Mama Sakina akajibu.

Nikala firigisi. Nilijua kwa meno yangu kwamba Kapita hakuwa muzee, na nikala. Ilikaa hapa, kwenye koo, mpaka Kasongo.

"Umemwambia?" Baba Feruzi akaniuliza.

"Nimemwambia."

Hakuniuliza tena mpaka alipofariki, miaka sita baadaye. Sijui kama aliniamini. Nataka kuwa mwenye haki kwake, labda aliamini. Lakini mwaka ule mzima, mayai ya watu wa mbali aliyageuza yeye mwenyewe.

Na uongo ukaanza kutembea. Mama Sakina alinisifu sokoni kwamba kuna mama Kasongo anayejua jogoo. Watu wakaniletea majogoo. Nilitazama macho, nilitazama miiba ya miguu, nilisema kitu. Mara nyingine nilisema sawa, jogoo wengine ni wazee kweli. Halafu muliponikuta ninyi, Riziki na Zaina, muliniuliza, na nikawajibu kama mutu aliyeandikwa kwenye kitabu.

Basi sasa ifuteni na muandike hii. Kitovu wazi kinaletwa na joto lililozidi siku za mwisho, au maji mengi kwenye sahani, au sanduku chafu. Jogoo hahusiki. Kifaranga huyo muweke peke yake, pakavu, pa joto, juu ya kitambaa safi. Tone la yode, dawa ya vidonda, kwenye kitovu, mara moja. Halafu mikono chini ya matako. Wengine watakufa. Wengine mulango utajifunga wenyewe, na hamutajua ni saa ngapi ulifunga.

Wiki tatu zilizopita Mama Sakina alituma mayai hamsini. Kuku wote alio nao leo wametoka kwa wale wanne, mumoja wao alikuwa jogoo mudogo. Juzi Alhamisi waliangua. Sikufanya kitu, Zaina ndiye alishika taa, siku hizi ni balbu ya umeme wa plake ya jua. Mimi nilikaa juu ya mikono yangu. Yai la kwanza lilipasuka kwa duara, kama mutu anafungua sufuria kutoka ndani, na kikatoka kichwa, halafu shingo. Shingo tupu. Nyekundu, ndefu, imekunjamana, imelowa. Nilimungoja akauke, nikamuweka kwenye kiganja. Ilikuwa kama jogoo niliyemula ananiangalia kwa jicho moja.

Nasikia pikipiki. Naacha hapa.

*

Saa kumi na moja ya jioni, mvua haijaacha.

Mama Sakina aliingia na plastiki kichwani, analowa, anamugombeza mwenye pikipiki. "Huyu amenipitisha mutoni kama mimi ni gunia la muhogo!" Sasa ni mama munene, ana wajukuu. Alinishika mashavu. "Mwamini, wamesema umeacha kazi. Nani atasoma majogoo yetu?"

Riziki alikuwa pale, ameleta makartoni ya vifaranga. Nilitaka kungoja atoke, halafu nikaona hapana, na yeye asikie.

"Dada Sakina, kaa chini. Kapita hakuwa muzee."

"Kapita gani?" Halafu akakumbuka. Akakaa.

Nikamwambia. Nilimwambia mpaka utambi wa taa, mpaka unyoya. Riziki alifunga mudomo kwa mukono. Mama Sakina hakuniangalia. Alichukua kifaranga mumoja kutoka kwenye kartoni, akamugeuza tumbo juu, akapuliza manyoya, akaangalia kitovu. Kilikuwa kimefunga. Akachukua wa pili, akapuliza. Aliwaangalia hivyo karibu wote, na mimi nilisimama.

"Alikuwa laini," akasema mwisho.

"Eeh."

"Mume wangu alisema, nami nikasema nimemupika muda murefu. Sikumupika muda murefu, Mwamini. Saa moja tu. Nilikutetea."

"Ulijua?"

"Nilijua kuna kitu. Nilifikiri umeuza vifaranga wangu kwa watu wa zahabu." Akatikisa kichwa. "Mwaka mzima nilifikiri hivyo. Halafu nilichoka kufikiri, nikaanza kukusifu, ili nisikuchukie. Na kumbe ni mawese!" Akacheka, tumbo lake likatikisika. Halafu akaacha kucheka. "Nilimulia yule jogoo," akasema. "Nilimuchinja mwenyewe. Alikuwa anakuja nikimuita."

Pole ilikuwa ndogo. Nikaisema.

Alitia mukono kwenye kartoni, akatafuta, akatoa mumoja mwenye shingo tupu, akaniwekea kwenye kiganja.

"Huyu nakuachia. Utamulea mpaka awike. Siku akiwika, utamuleta Kabambare wewe mwenyewe, juu ya magoti, si nyuma ya pikipiki. Nataka Kapita wangu."

"Na kama ni jike?"

"Wewe si ndiye unayesoma majogoo?" Riziki alishindwa, akacheka ndani ya mukono wake. Mama Sakina akaendelea: "Kama ni jike, utalea mwingine. Hauna kazi sasa, una nafasi."

Riziki akauliza pole pole, "Mama, na yule baba niliyemwambia achinje?"

"Jumatatu nitakwenda kwake," nikasema.

"Tutakwenda," akasema Riziki.

Pikipiki haikuweza kurudi kwa mvua ile, basi Mama Sakina analala hapa. Mugeni wa mbali anachinjiwa. Nilichukua kisu, nikatoka kwenda kumushika kuku, akaniita kutoka ndani: "Mwamini! Rudisha kisu. Leo kuku hafi juu yangu."

Tulikula wali wa mupunga wa hapa, na sombe yenye samaki ya kukauka kutoka Nyangwe. Mama Sakina alionja sombe, akaniangalia juu ya kijiko. "Mawese imeisha mu nyumba hii, ao uliwamalizia vifaranga?" Nikamupa chupa, akamimina mpaka sombe ikawa nyekundu. Kifaranga yuko kwenye kartoni karibu na jiko, analia kidogokidogo, sauti ya kutosheka. Sahani yangu niliimaliza. Safari hii chakula kilishuka.